Siku Niliyokataa Kuzima Draya

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni leo mmalize, msinicheke kidogo kidogo, maana nimechoka kukutana na mtu huku mtaani Naif ananikazia macho, anaziba mdomo kwa mkono, halafu ananiuliza, "Mwanaidi, baridi imepungua?" Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mwanamke aliyeingia uwanja wa ndege wa Dubai sikukuu ya pili ya Eid akiwa na koti la theluji, suruali ya theluji, buti za theluji na glavu, wakati nje watu wazima wamejipanga kwenye kivuli cha nguzo ya taa. Na afadhali ingekuwa koti peke yake. Koti mtu anavua (si mimi siku ile, mtaona kwa nini), lakini yaliyotoka mdomoni mwangu mbele ya watu mpaka leo sijapata namna ya kuyarudisha.

Niwaeleze tulikotoka. Mimi kwetu Mombasa, na hapa Deira nafanya kazi saluni, nywele na hina. Ninakaa na Rukia, ambaye tumekua mtaa mmoja, tumechapwa madrasa moja, na aliponitangulia Dubai ndiye aliyenitafutia kazi na kitanda. Chumba chetu kina vitanda vitatu, ila yule wa tatu alirudi kwao Kampala na kitanda chake tukakigeuza kabati, na mimi nilikuwa naomba kila siku pasipatikane mtu wa kukilalia. Rukia anafanya kazi zahanati, anawasaidia wauguzi. Kwa miaka yote hiyo, Rukia akicheka anacheka na mimi, akilia namfuta mimi, na nilikuwa naona ndivyo dunia ilivyopangwa.

Halafu akaja Neema.

Neema ni wa Moshi, anafanya kazi mapokezi katika hoteli. Alikwenda pale zahanati akiumwa jino akaondoka na rafiki yangu. Sisemi uongo, ndani ya mwezi mmoja kila sentensi ya Rukia ilikuwa inaanza na "Neema amesema." Neema amesema chai bila sukari ni nzuri kwa ngozi. Neema amesema tutembee jioni. (Mimi nilimwambia Rukia tutembee jioni miaka mitatu, akawa anasema miguu inamuuma!) Na kibaya zaidi, Neema hakuwa na ubaya wowote, hana majivuno, hasengenyi, akija kwetu anaosha vyombo bila kuambiwa. Mngejua jinsi inavyochosha kumchukia mtu wa namna hiyo, huna pa kushikia, unabaki na wivu mtupu unakuwasha kama upele.

Sasa sisi wanawake wa Afrika Mashariki wa Deira tuna kundi letu, mwenyekiti wetu Mama Faiza, mama wa Kizanzibari mwenye duka la viungo Al Ras, na kila Eid tunafanya matembezi. Mwaka huu tukaamua nchi ya Jojia, kwa sababu ukiwa na ukaazi wa hapa safari yake haina msukosuko, na kule milimani, tuliambiwa, theluji inakaa mpaka mwezi wa nne. Rukia alichanganyikiwa kwa furaha. Yeye tangu utotoni anataka kushika theluji, kwao alikuwa akikwangua barafu ya friji ya jirani anajipaka usoni, na likizo yenyewe alikuwa hajachukua siku nyingi mno, kila mwaka anaifanyia kazi ili atume nyumbani. Safari hii ilikuwa yake, kila mtu alijua.

Na mnajua matembezi yetu bila sare si matembezi. Sare ni idara yangu, mimi ndiye ninayechagua rangi, kitambaa, mshono, nani akae mbele kwenye picha. Nikatangaza kwenye kundi: makoti mekundu, ili kwenye theluji nyeupe tuwake. Watu wakashangilia. Kisha Neema akaandika, kwa upole wake ule ule, kwamba dada zangu, theluji ya mwezi wa tatu si ya kuiamini, mimi nimekulia chini ya mlima najua, tusubiri kwanza tujue hali, nitamuuliza mwenye nyumba ya wageni kule. Mara mioyo ikaanza kumiminika chini ya ujumbe wake. Mama Faiza moyo. Huyu moyo. Yule moyo. Na Rukia, mtu wangu mwenyewe, akaweka mioyo miwili.

Basi sikubishana. Nililizima sauti lile kundi nikalificha kule chini ambako watu huficha makundi ya harusi zilizokwisha, na kesho yake nikaenda dukani nikachukua makoti yote, mekundu, manene, ya kujaa hewa, mwenye duka akaniuliza kama nahamia Ulaya na ukoo mzima. Nikayagawa kwenye futari kwa Mama Faiza. Neema alilipokea lake akasema ahsante dada, zuri sana. Nikamjibu karibu, huku nimekenua meno yote.

Kwa hiyo hapo tulipo: kundi silisomi, makoti nimeshagawa, na siku za mwisho za Ramadhani zimefika, na saluni siku za mwisho za Ramadhani si mahali pa binadamu. Wanawake wanakaa mpaka kwenye ngazi. Hina miguuni, hina mikononi, nywele, nyusi, mtoto analia, madam wetu anapita nyuma yetu anatuharakisha, "Yalla, yalla, banati!" na mimi natoka nyumbani Rukia amelala, narudi Rukia yuko zamu, tunaonana kwa viatu mlangoni.

Siku ya kuamkia Eid nilikuwa namkausha nywele mteja mmoja mwenye nywele mpaka kiunoni, draya inanguruma, nikainua macho kwenye kioo nikamwona Neema amesimama nyuma yangu na mfuko mkononi.

Akafungua mdomo. Nikaona anasema "Dada Mwanaidi," kisha akaonyesha draya kwa kidole, kwa adabu, kama kuomba niizime kidogo.

Sikuizima. Hapo ndipo mkasa ulipoanzia, kwenye kidole gumba changu kilichokaa pembeni ya swichi kikakataa. Nilijiambia mteja ana haraka, lakini mteja alikuwa amesinzia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemaliza siku na wiki na mwezi wa "Neema amesema," na hapa alikuwa amekuja kusema mwenyewe, nami nilikuwa na mashine ya kumfunika. Nikaipandisha ngazi ya mwisho.

Akazungumza. Alizungumza kwa kirefu, mikono inakwenda huku na huku, mara anashuka kama anaonyesha bonde, mara anaweka mkono kifuani, na mimi naitikia kwa kichwa kwenye kioo, "Mm. Mm. Sawa. Inshallah. Sawa." Katikati akasita, akaniangalia kama mtu anayeuliza kitu kikubwa. Nikasema, "Sawa, sawa!" Basi macho yake yakajaa machozi, akanikumbatia kwa nyuma, mimi na draya yangu, akaacha ule mfuko kwenye kiti, akaondoka anajifuta. Nikawaza, huyu mtu anapenda maonyesho, analia nini sasa? Ule mfuko sikuufungua. Nilidhani ni zawadi ya Eid ya kunilainisha, na mimi silainishwi, nikampa Almaz, mwenzangu wa kazini Mhabeshi, nikamwambia chukua, Eid Mubarak. Alifurahi sana.

Nilipofika nyumbani Rukia alikuwa anatoka kwenda zamu. Akanishika mlangoni.

"Neema kaja kwako?"

"Kaja."

"Kakueleza yote?"

"Yote."

"Na umekubali?" Akaniangalia kwa wasiwasi. "Mimi nilidhani utakasirika, wallahi. Niliogopa hata kukwambia mwenyewe, ndiyo nikamwambia nenda wewe kamwambie dada kwa mdomo wako."

Hapo mtu mwenye akili angesema, shoga, kusema kweli sikusikia. Lakini kusema sikusikia ni kusema kwa nini sikusikia. "Kwani mimi mtoto?" nikamwambia. "Nimekubali, khalas." Rukia akanibusu shavuni, akasema, "Ndiyo maana nakupenda," akashuka ngazi mbio. Nikalala na lile busu kama mtu aliyeshinda kesi ambayo hajui shitaka lake.

Siku ya Eid yenyewe Rukia akaniambia usiku analala kwa Neema, wana mambo ya kumalizia, tutakutana uwanja wa ndege asubuhi. Wana mambo. Mimi sina mambo? Nililala chumba kizima peke yangu, nikakasirika vizuri, kwa nafasi.

Asubuhi nikavaa. Sasa hapa mnisikilize vizuri wale mnaosafiri na ndege za bei nafuu. Mizigo wanapima kila kilo, lakini nguo uliyoivaa hawaipimi, na mifuko ya nguo uliyoivaa pia hawaipimi, nami ni mwanamke wa Mombasa, siendi nchi ya watu bila chakula. Lile koti lilikuwa na mifuko nje, mifuko ndani, mifuko ndani ya mifuko. Nikatia mahamri. Nikatia viazi vya karai vimefungwa kwenye karatasi. Nikatia chupa ya chatne ya ukwaju. Na kwa kuwa ndani ya koti na suruali ile hakuingii nguo ya maana, nilivaa fulana nyembamba ya kulalia na taiti, basi, kwani nani ataniona, si koti nitalivua mlimani ndani ya nyumba. Nikakaza mtandio, nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikateremka.

Dereva wa teksi aliniangalia kwenye kioo njia nzima. Mwishowe akaongeza kiyoyozi bila kuniuliza.

Nikaingia ukumbini, natafuta wekundu. Watu wangu wako wapi, watakuwa wanawaka kama mimi. Sioni. Nikapita mara ya kwanza, nikapita mara ya pili, miguu inapiga sakafu kwa yale mabuti, watoto wameanza kunionyesha wazazi wao, ndipo nikasikia kicheko ninachokijua. Nikageuka. Kundi letu zima limesimama pale, wamevaa madera ya kijani ya kitambaa chepesi, raba miguuni, kofia za majani kichwani, sweta zimefungwa kiunoni, wanapendeza kama wamechorwa. Katikati Neema. Mkono wa Neema umeshikwa na Rukia.

Ile sare. Sare bila mimi.

"Ya Allah!" Mama Faiza akapiga makofi. "Huyu mtoto kachekesha! Mwanaidi, wewe unakwenda safari au unakwenda kuhamia ndani ya friji?"

Wote wakacheka, wakidhani nimefanya makusudi, na kama ningecheka nao pale pale mkasa ungeishia hapo. Lakini Rukia alikuwa hacheki, alikuwa ananitazama buti kwa mshangao.

"Lakini Neema si alikueleza," akasema. "Theluji imeyeyuka."

Imeyeyuka. Wakaanza kunieleza kila mtu kwa mdomo wake kama vile nakumbushwa ninachokijua, kwamba yule mwenye nyumba ya wageni alituma video, mlima umebaki mabaka ya kahawia, njia za juu ni matope na mawe yanaporomoka, vijito vimejaa maji ya theluji kiasi kwamba ikifika mchana havivukiki. Kwa hiyo mipango ikageuzwa: hatupandi juu, tunashukia bondeni kwenye majani na maua, tunatembea asubuhi mapema ardhi ikiwa ngumu, mchana tunakwenda kwenye maji ya moto ya kuoga. Makoti Neema aliyakusanya akayarudisha dukani, anayetaka abaki na lake. Na sare ikawa ya kijani, ya kufanana na bonde.

"Na lako si nilikuletea saluni, dada?" Neema akauliza. "Kwenye mfuko?"

Nikamwona Almaz kwa macho ya moyo, amevaa dera letu la kijani nyumbani kwake, anakoroga mchuzi.

Jamani, jasho lilikuwa linanitiririka mpaka ndani ya buti. Na badala ya kusema kweli nikasema neno la kwanza lililonijia. "Najua imeyeyuka," nikasema. "Ila nina homa. Nasikia baridi, ndiyo nikavaa hivi." Nikajitetemesha kidogo, kwa ushahidi.

Nilisahau kwamba rafiki yangu anafanya kazi zahanati. Rukia akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akaruka. "Unaungua!" Bila shaka naungua, nimevaa godoro! Lakini yeye alikuwa ameshamwita kijana wa uwanja, kijana akaita mwenzake, kiti cha magurudumu kikaja, nikakalishwa nikiwa nasema hapana hapana, na nikapitishwa katikati ya ukumbi, mwekundu, nimevimba, nimeinua glavu kama bondia aliyeshindwa, kundi la kijani linanifuata nyuma na watu wanatupisha njia.

Muuguzi wa chumba cha matibabu cha uwanja, mwanamke wa Kifilipino mwenye haraka zake, akanipima joto, akatazama kipimo, akatazama koti. Akasema afadhali nilivue. Nikamwambia siwezi, nasikia baridi. Akasema basi kwa joto lile haniruhusu kwenda kwenye ndege, nipumzike, na huenda nikakosa safari ya leo.

Na Rukia, bila kufikiri hata kidogo, akatua begi lake chini. "Nyinyi nendeni," akasema. "Mimi nabaki na Mwanaidi."

Nitawaambia kitu ambacho sikupaswa kuwaambia. Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, ile furaha ya kitoto ya kuchaguliwa, niliketi kwenye kiti cha wagonjwa nikamtazama Neema nikasema moyoni, umeona? Umeona nani wa nani? Kisha nikamwangalia Rukia usoni. Alikuwa anatabasamu ili nisijisikie vibaya, na kidevu kinamcheza. Safari yake. Likizo yake. Furaha yangu ikaingia maji pale pale, lakini mdomo bado nimeufunga, maana nitaufunguaje?

Ndipo Neema akaokota begi la Rukia akamrudishia begani. "Hapana," akasema. "Wewe Rukia hujapumzika siku nyingi, nenda. Mimi milima nimeshaiona tangu nazaliwa. Nitabaki naye mimi, nimpikie uji. Huyu si ndiye dada aliyenipa pa kulala?"

Hayo ya pa kulala sikuyaelewa, yalinipita. Nilichoelewa ni kwamba mwanamke huyu, baada ya kunichukulia rafiki, sare na safari, sasa ananichukulia hata wema. Ataachwa na ndege kwa ajili yangu, atanipikia uji, na Rukia atakaa bondeni kwenye maua siku zote hizo anasema Neema ni malaika. Hilo jamani lilinishinda. Msije mkadhani nilikiri kwa uchamungu, nilikiri kwa sababu sikuweza kuvumilia Neema awe mtu mzuri kuliko mimi mbele ya watu wote wale.

Nikasimama kutoka kwenye kiti. "Siumwi!" nikapiga kelele. "Siumwi mimi! Nina wivu!"

Muuguzi hakuelewa Kiswahili, lakini alielewa kusimama. Na kwa kusimama kwa nguvu hivyo, mfuko mmoja wa koti ukapasuka, mahamri yakadondoka, yakafuata viazi vya karai, vikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Mama Faiza, na chupa ya chatne ikaanguka ikavunjika, chumba kizima kikanuka ukwaju. Mama Faiza akatazama kiazi, akanitazama mimi. "Subhanallah," akasema taratibu. "Mgonjwa kafungasha."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikuweza tena kuyazuia maneno, yalikuwa yanatoka yenyewe. Nikasema nina wivu na Neema tangu siku ya jino. Nikasema kundi nililificha silisomi. Nikasema alipokuja saluni niliacha draya inawaka kwa makusudi na sikusikia hata neno moja, nilikuwa naitikia tu, na lile dera nimempa Mhabeshi.

Kicheko kikakatika. Rukia akawa ananiangalia kama mtu aliyekosea nyumba. "Hata neno moja?" akauliza. "Mimi nikakuuliza mlangoni, ukasema yote."

Na Neema, ambaye mpaka hapo alikuwa anaokota mahamri sakafuni, akainuka polepole. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Hata la chumba, dada?"

"Chumba gani?" Nilikuwa karibu kusema hivyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nikauona uso wa Rukia umegeuka, na nikaona begi la Neema, ambalo halikuwa begi la safari ya siku chache, lilikuwa sanduku kubwa limefungwa kamba, na kila kitu kikajipanga kichwani mwangu kwa mara moja. Ule usiku waliokuwa na mambo. Yale machozi kwenye kioo. Pa kulala. Nilikuwa nimesikia saluni kwamba lile jengo analokaa Neema mwenye nyumba anavunja zile mbao zinazogawa vyumba, wapangaji wote watoke Eid ikiisha, lakini nilisikia kama habari ya watu wengine. Kumbe kitanda cha tatu. Kumbe ndilo swali aliloniuliza akasita, nami nikasema sawa, sawa.

Alikuwa ameshamkabidhi mwenye nyumba ufunguo wake. Vyombo vyake vilikuwa kwa mlinzi wa jengo letu, vinangoja turudi. Na sasa alikuwa amesimama mbele ya kina mama wote wa Deira akisubiri kuambiwa kwamba aliomba mahali pa kulala kwa mtu ambaye hakutaka hata kumsikia sauti.

"La chumba nililisikia," nikasema.

"Draya ilikuwa inawaka," Rukia akasema, jicho kali.

"Ilikuwa inawaka. Lakini hilo nililisikia." Nikamgeukia Neema. "Kitanda cha dirishani. Nguo zetu nitazitoa mwenyewe tukirudi."

Neema alijua. Rukia alijua. Nadhani hata yule Mfilipino alijua. Neema akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akarudi kuokota mahamri, na Rukia akafungua begi lake akatoa leso, akanizungushia shingoni mpaka miguuni huku anakunja uso. "Vua hilo dubwana," akaninong'oneza. "Na usiniongeleshe mpaka nitakapokwambia." Nikalivua ndani ya leso, joto likashuka, muuguzi akapima tena akanipungia mkono niondoke, ana wagonjwa wa kweli. Tukakimbia langoni, mimi nimevaa leso na mabuti. Rukia alininyima neno njia nzima ya angani. Bondeni kulikuwa na maua kweli, na matope kweli, na pembeni ya barabara tulikuta kipande cha theluji chafu kisichozidi sinia, Rukia akakipigia magoti akajipaka usoni kama enzi zile za friji ya jirani, na hapo ndipo aliponiita kwa jina nikapige picha.

Neema sasa tunakaa naye. Anakoroma kidogo, jambo lililonifariji sana. Na wivu? Wivu ninao, nani aliwaambia umeisha? Ila nimeapa kwamba ukinijia nitausema kwa mdomo, mapema, kabla haujanipeleka kukaa kwenye kiti cha wagonjwa na chakula mfukoni. Juzi nimerudi kazini nikawakuta wamekaa kitandani wanacheka, nikasimama mlangoni na mkoba wangu nikasema, "Nina wivu, mnacheka nini bila mimi?"

"Tunakucheka wewe," Rukia akasema. "Njoo ukae."

Wakasogea huku na huku kunipa nafasi pembeni. Sikuitaka ya pembeni. Nikakaa katikati.